Maji Ndani ya Mbao: Ushauri kwa Fundi wa Nyumbani wa Ngerengere

Samani nyingi zinazotengenezwa nyumbani huharibika kwa sababu isiyoonekana siku zinapokamilika, nayo ni maji yaliyosalia ndani ya mbao. Meza iliyopigwa randa ikang'aa mwezi wa Mei hupasuka katikati ifikapo Septemba, mlango wa kabati hugoma kufungwa, na miguu ya kiti huanza kucheza ndani ya matundu yake, ingawa vipimo vilikuwa sahihi na gundi ilikuwa nzuri. Fundi wa barabarani analijua tatizo hili zaidi ya wateja wanavyodhani, lakini mtaji wake haumruhusu kuziacha mbao zikae miezi mitatu bila kuuzwa: mteja ametanguliza fedha, kodi ya kibanda inadaiwa, na mbao zilizoshushwa jana hazina budi kuwa kitanda kufikia Jumamosi. Mtu anayejitengenezea samani zake hana ustadi wa fundi huyo wala mashine zake, ila ana muda, na ushauri unaofuata umejengwa juu ya faida hiyo.

Mazingira ya Ngerengere yanalifanya suala la unyevu kuwa zito kuliko linavyochukuliwa. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Morogoro uko katika nyanda za chini, mashariki ya Milima ya Uluguru, kwenye Reli ya Kati iliyofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, na sasa una stesheni pia katika reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza safari za abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Reli hiyo moja hupita katika hali tatu za hewa zisizofanana: pwani ya Dar es Salaam yenye unyevu karibu mwaka mzima, nyanda za Ngerengere zenye masika ya kulowesha na kiangazi cha kuunguza, na Dodoma iliyo kame. Upande mwingine, miteremko ya Uluguru inayotazama bahari, kama vile Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi sana, hivyo ubao unaoshuka kutoka huko huwa umezoea hewa tofauti kabisa na ya chumba utakamowekwa. Kabati lililotulia vizuri Ngerengere likipelekwa kwa ndugu Dar es Salaam huvimba, na likipelekwa Dodoma husinyaa; fundi hana namna ya kuizuia hali hiyo, ila anaweza kuacha nafasi kwa ajili yake.

Maji hukaa katika mti kwa namna mbili. Yapo maji huru, yaani yale yanayojaza nafasi zilizomo ndani ya seli za mti, na hayo huondoka bila kubadili umbo la ubao. Na yapo maji yaliyoshikana na kuta za seli zenyewe, ambayo kiasi chake hufikia takriban asilimia 30 ya uzito mkavu wa mti, na ni haya yanapoanza kutoka ndipo ubao husinyaa. Kusinyaa huko hakulingani pande zote. Kwa urefu, ubao haubadiliki kiasi cha kumsumbua fundi. Kwa upana hubadilika sana, na mabadiliko yanayofuata mzunguko wa pete za mti huwa karibu mara mbili ya yale yanayotoka kwenye kiini kuelekea ganda. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo hujikunja, upande wake uliokuwa karibu na ganda ukabonyea, ilhali ubao uliopita katikati ya gogo hubaki umenyooka zaidi. Uso wa meza wa msindano wenye upana wa sentimita 80, ukitoka unyevu wa asilimia 18 hadi 12, unaweza kupungua kwa takriban milimita 10, na nguvu ya kupungua huko hushinda misumari, skrubu na gundi yoyote inayouzwa dukani. Uso wa namna hiyo haupigiliwi moja kwa moja kwenye fremu, bali hushikwa kwa vishikizo vidogo vya mti vyenye ulimi unaoteleza ndani ya mfereji uliochongwa upande wa ndani wa fremu, ili mbao zijongee bila kupasuka.

Kalenda ya Ngerengere hutoa mpango ulio wazi wa kazi. Mbao hununuliwa masika yanapoisha, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, hukaushwa katika miezi ya kiangazi, na kazi ya kuunga huanza Septemba, kabla ya vuli. Hupangwa kivulini, chini ya paa lisilo na kuta, mahali upepo unapopita, juu ya matofali au magogo yanayoziinua sentimita 40 hivi kutoka ardhini, ili hewa ipite chini yake na njia za udongo za mchwa zionekane mapema. Kati ya tabaka na tabaka huwekwa vipande vya mti mkavu vyenye unene wa sentimita 2 hadi 2.5, vikiachana kwa futi mbili, na kila kipande kikae juu kabisa ya kile cha chini yake, kwani kipande kilichohama mstari hupinda mbao zote zilizo juu. Ncha za mbao hupakwa rangi nzito au nta, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia ncha kuliko ubavuni, na ncha inayokauka haraka ndiyo hupasuka kwanza. Matofali machache juu ya rundo huzuia tabaka la juu lisipinde. Kuzianika mbao juani ili zikauke upesi ni kosa ambalo hata wenye uzoefu hulifanya, kwani uso hukauka na kukakamaa wakati ndani bado kuna maji, na nyufa hufuata.

Ubao wa mti laini wenye unene wa inchi moja huweza kuwa tayari baada ya wiki kadhaa za kiangazi, na wa mti mgumu baada ya miezi miwili hadi minne, lakini muda peke yake hauaminiki. Mizani ya duka hutosha kutoa jibu: ubao mmoja hupimwa kila wiki, na uzito wake unapoacha kushuka kwa wiki mbili mfululizo, umelingana na hewa ya mahali hapo. Anayetaka namba kamili hukata kipande kidogo mbali na ncha ya ubao, hukipima, hukikausha katika ovena kwenye nyuzi 103 za selsiasi hadi uzito usipungue tena, kisha hugawa uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Kipande kilichokuwa na gramu 600 kikabaki na gramu 500 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20, ambao ni mwingi mno kwa samani za ndani. Asilimia 12 hadi 14 ni lengo la busara kwa nyumba za Morogoro zisizo na kiyoyozi.

Kuhusu aina ya mbao, wengi huanza kwa kutamani mninga, na sifa zake zinastahili. Mti huu wa misitu ya miombo husinyaa kidogo mno unapokauka, huchongeka kwa urahisi, na kiini chake hakipendwi na wadudu. Mkongo, ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, ni mzito na mgumu zaidi, unaofaa milango na fremu zinazopigwa mvua. Mpingo, ambao huzama majini kwa uzito wake, ni mti wa kukereza na kuchonga vitu vidogo, na kuutia kwenye meza ni kuupoteza. Hata hivyo, miti hii hukua polepole, na biashara yake imejaa mbao zisizo na karatasi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka uvunaji wa miti ya asili uwe na leseni na usafirishaji wake uwe na hati, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ulioanzishwa mwaka 2010, husimamia ukaguzi wake. Mnunuzi anayeuziwa mninga usiku kwa bei ya chini bila risiti anajiweka katika hatari ya kutaifishiwa mbao zake, na aghalabu anauziwa mbao mbichi, kwa sababu mwenye mzigo wa kuficha hawezi kuukausha hadharani.

Miti ya kupandwa hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo. Mkoa wa Morogoro wenyewe una shamba la mitiki la Mtibwa, wilayani Mvomero, na mashamba mengine katika Bonde la Kilombero, na mtiki, yaani msaji, una tabia ya kutulia ambayo haipishani sana na ile ya mninga. Kasoro zake ni mbili: una chembe za silika, madini yaleyale ya mchanga, zinazobutua makali upesi, na una mafuta ya asili yanayoizuia gundi kushika, hivyo sehemu inayoungwa hupigwa randa upya au kufutwa muda mfupi kabla ya kupakwa gundi. Miti michanga inayopunguzwa shambani huwa na sehemu kubwa ya mti mweupe wa nje, yaani tabaka lililo kati ya ganda na kiini, ambalo halina kinga ya kiini. Anayelipia mtiki na aangalie anapewa rangi gani.

Msederela unastahili kutajwa zaidi ya unavyotajwa. Mti huu kutoka Amerika, ambao harufu yake huwakimbiza wadudu na ambao Cuba hutumika kutengeneza visanduku vya sigara, ulipandwa katika Msitu wa Hifadhi wa Kimboza, chini ya Uluguru, ukasambaa wenyewe hadi kuisonga miti ya asili. Mbao zake ni nyepesi, nyekundu, laini kwa patasi, na zinafaa sana droo, makabati ya nguo na makasha, ingawa hazifai miguu ya viti inayobeba uzito kwa kipenyo kidogo. Kuvuna ndani ya hifadhi kunahitaji kibali hata kama mti ni mvamizi, lakini upo pia ule wa mashambani. Mfenesi nao, ambao Zanzibar umetumika kwa milango ya nakshi, hutoa mbao za manjano zinazogeuka kahawia kwa miaka, na mwenye shamba Kinole au Matombo anayekata mfenesi uliozeeka hafai kuupeleka wote jikoni. Msindano kutoka Sao Hill, Mufindi, ndio rahisi kupatikana na rahisi kuchongwa, hivyo ndio wa kujifunzia, ila hauvumilii mchwa bila dawa. Mkaratusi hujipinda na kupasuka hata mikononi mwa wataalamu, na anayeanza afadhali auache kwenye nguzo. Mwembe hufaa kwa kazi ndogo ukipasuliwa na kukaushwa mara baada ya kukatwa, kwani bungua, mdudu anayetoboa mti na kuacha vumbi laini chini ya vitundu vyake, huuvamia haraka. Maji yenye boraksi yakipakwa mara mbili kabla ya kuunganisha humpunguza sana. Asiyeutambua mti alionao yuko katika mkoa wenye wa kuwauliza, kwa kuwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo vyote viko Morogoro mjini.

Vifaa vya kuanzia ni vichache kuliko maduka yanavyopenda. Unahitajika msumeno mmoja wa mkono, randa moja ya chuma, patasi tatu za milimita 6, 12 na 25, nyundo ya mti ya kugongea patasi, keekee ya kutobolea, kipimo cha pembe mraba ambacho mafundi hukiita skwea, futi ya kukunjua, na mahati, yaani kifaa chenye pini kinachochora mstari sambamba na ukingo wa ubao. Juu ya hivyo kuna kinoo, ambacho kwa thamani ya kazi kingepaswa kununuliwa kwanza. Patasi ya bei ghali iliyobutuka huwa mbaya kuliko ya bei nafuu iliyonolewa, tena ni ya hatari zaidi, kwa kuwa mkono unaolazimika kusukuma kwa nguvu huteleza kwa nguvu. Ukingo hunolewa kwa pembe ya nyuzi 25, kisha ncha yake pekee hunyanyuliwa hadi nyuzi 30, na mgongo wa patasi husuguliwa hadi uwe bapa kabisa, hatua inayorukwa na wengi ingawa makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Asiye na kinoo kizuri hubandika msasa wa namba 220, 400 na 1000 juu ya kipande cha kioo kinene. Makali hujaribiwa kwenye ncha ya ubao wa msindano: yakikata nyuzi zake safi bila kuzikandamiza, yanatosha.

Misumeno mingi inayouzwa sasa ina meno yaliyokaushwa kwa moto, yenye ncha nyeusi au za buluu, ambayo tupa haiyaathiri. Yakiisha, msumeno umeisha. Wa zamani wenye meno ya kawaida, hata ukiwa na kutu, hunoleka kwa tupa ya pembe tatu miaka na miaka, na mara nyingi hupatikana kwa mafundi wastaafu kwa bei ya mazungumzo. Vibano vya chuma ni ghali, lakini kamba ya katani ikizungushwa mara mbili kwenye fremu na kukazwa kwa kijiti hubana vya kutosha kwa gundi nyeupe ya mbao. Grenda iliyofungwa bleti ya msumeno, ambayo imeenea vibandani, isitumike. Mashine hiyo haikuundwa kwa ajili ya meno, na ikishtuka haiachi muda wa kufikiri. Vumbi nalo lisidharauliwe: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani za pua, hivyo barakoa na kupiga msasa mahali penye upepo ni sehemu ya vifaa.

Kwa kazi ya kwanza iliyo kubwa, kitanda cha kamba kinafaa kuliko kabati au meza, ingawa vijana wengi wanakiona cha kizamani. Kina vipande vinane tu: matendegu manne, yaani miguu, mifumbati miwili, yaani miti mirefu ya ubavuni, na vitakizo viwili, yaani miti mifupi ya kichwani na miguuni. Malighafi ya kukiwamba iko jirani, kwa kuwa mkonge, ulioletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, ulienea baadaye katika mashamba yaliyofuata reli hadi Ngerengere na Kidugalo. Zaidi ya hayo, muundo wake hausumbuliwi na kusinyaa kwa mbao, kwani hauna uso mpana wa kupasuka, na viungo vyake hushikwa na mvuto wa kamba, bila gundi wala msumari.

Mvuto huohuo ndio unaoamua vipimo. Kamba huivuta mifumbati kuelekeana, na mlalaji huisukuma chini, hivyo mti wa mfumbati unapaswa kuwa na nguvu pande zote mbili. Ubao wa inchi 2 kwa 4 uliosimamishwa hubeba mlalaji vizuri lakini hupindia ndani, ilhali mti wa inchi 3 kwa 3, wa mtiki au mkongo, hustahimili yote. Kwa godoro la futi tatu na nusu kwa sita, matendegu huchongwa ya unene huohuo au zaidi kidogo. Kiungo ni cha ulimi na tundu, ambapo ncha ya mti mmoja hupunguzwa kuwa ulimi unaoingia katika shimo la mwenzake, na unene wa ulimi huwa karibu theluthi moja ya unene wa mti, ili ulimi na kuta za tundu zigawane nguvu. Matundu ya mfumbati na kitakizo katika tendegu moja yasikutane. Moja hutobolewa juu kidogo ya jingine, la sivyo tendegu hukatika mahali hapo. Mistari yote huchorwa kwa mahati na kwa kisu badala ya penseli, kwa sababu mkato wa kisu huipa patasi mahali pa kuketi. Ndimi na zikaushwe zaidi kuliko matendegu, ili zikichukua unyevu wa hewa baadaye zivimbe kidogo na kujibana zenyewe. Fremu ikishasimama, mishazari yake miwili hupimwa kwa kamba. Ikilingana, pembe ni mraba.

Mafuta hupakwa kabla ya kuwamba. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakipakwa kidogo kidogo na kufutwa mara tatu kwa kuachanisha siku, kisha nta ya nyuki juu yake, hutosha kwa mtiki na mfenesi, na mkwaruzo wowote hurekebishwa bila kukwangua vanishi ya zamani. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka kwa ajili ya mchwa, haifai kitu kinachogusana na ngozi ya mtu. Vitambaa vilivyofyonza mafuta ya kitani hutandazwa nje hadi vikauke, kwani vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka.

Kamba huwambwa ikiwa kavu, katika siku kavu, ikianzia kwenye mfumbati mmoja kwenda wa pili kwa mistari inayokaribiana, kisha hupitishwa kwa kusukwa kutoka kitakizo hadi kitakizo, huku nafasi ya shibiri moja ikiachwa upande wa miguuni kwa kamba ya kukazia. Kamba mpya hurefuka chini ya uzito, na kitanda kilichokazwa jioni huwa kimelegea baada ya siku chache, jambo lililokipa jina la teremka tukaze. Baada ya kukazwa mara tatu au nne hutulia kwa muda mrefu. Katani hufupika inapolowa, kwa hiyo kitanda kilichokazwa sana wakati wa kiangazi kikiachwa uani masika yakakikuta, kamba huweza kuvuta hadi ulimi ukapasuka, na ni afadhali kamba ya kukazia ilegezwe kidogo mvua za kwanza za Machi zinapoanza.